Mama aliondoka na mtoto usiku baada ya kupewa majibu. Nilikosea wapi?

Dkt_Wilayani aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Niko hospitali ya wilaya mkoani Tabora, mwaka wa pili tangu nimalize mafunzo ya vitendo. Wodi ya watoto tunaiangalia wawili, mimi na tabibu mmoja. Naomba mnisaidie, maana jambo hili limeninyima usingizi tangu Alhamisi.

Aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu na miezi minne. Mama yake alikuwa akimwogesha, akahisi upande wa kushoto wa tumbo mgumu kama boga changa. Kabla ya kuja kwetu walishapita kwa mganga wakaambiwa ni bandama. Tumbo lilikuwa na chale mbichi. Mkojo ulikuwa na damu, presha iko juu, na utrasaundi ikaonyesha uvimbe mkubwa unaotokea kwenye figo ya kushoto. Kwa umri ule na uvimbe wa namna ile, cha kwanza kufikiria ni saratani ya figo ya watoto, ile inayoitwa Wilms. Kinachoniuma ni kwamba hii ni moja ya saratani za watoto zinazotibika vizuri. Anapewa dawa kwanza uvimbe unywee, inafuata operesheni ya kutoa figo yenye ugonjwa, halafu dawa tena.

Nilimwita mama mezani kwangu saa nane mchana, foleni ikiwa mlangoni. Anazungumza Kinyamwezi, Kiswahili chake ni cha kuulizia nauli na bei ya sukari. Nikamwomba dada wa usafi atafsiri. Nikasema: "Mtoto ana uvimbe mbaya kwenye figo, tunahisi ni saratani, tunampa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, huko watamfanyia upasuaji wa kutoa figo." Nilikuwa nasema huku najaza fomu. Mama aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho. Nikamuuliza kama ameelewa, akajibu, "Ndiyo, daktari." Hakuuliza hata swali moja, na mimi nikaona mambo yamekwisha. Zilikuwa dakika sita, saba zikizidi.

Asubuhi nikakuta kitanda kitupu. Nesi wa zamu anasema walitoka kama saa tisa usiku. Fomu ya rufaa waliiacha juu ya godoro.

Nikamtafuta yule dada wa usafi. Akaniambia hakulijua neno la Kinyamwezi la saratani, kwa hiyo alisema "ugonjwa usiopona". Habari ya kutoa figo aliitafsiri vilevile nilivyoitamka. Kwa hiyo mama alichosikia ni kwamba mtoto wake haponi, na huko Mwanza wanataka kumtoa figo kabla hajafa. Hata mimi ningeondoka.

Naombeni ushauri kwa waliopita huku, wahudumu na wazazi. Neno lenyewe unalitamka siku ya kwanza, wakati kipimo cha mwisho bado? Unasubiri baba afike? Na sasa hivi, nikiwafuata kijijini nitawatisha zaidi? Namba ya simu iliyo kwenye faili ni ya jirani.

MamaDoto alijibu:

Pole daktari, na asante kwa kuuliza. Mimi si mtu wa afya, ni mkulima wa mpunga na pamba wilayani Magu. Nina mapacha, Kulwa na Doto. Doto alipokuwa na miaka sita taya la kulia lilimvimba. Tukaenda kwenye meno, jino likang'olewa, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki moja uvimbe ulikuwa umepanda mpaka jicho limeanza kusukumwa, na meno ya jirani yakawa yanacheza ukiyagusa.

Daktari wa kwanza aliyenipa habari alinipa akiwa anatembea. Yuko na wanafunzi wake, akasimama kidogo kitandani, akawaambia wao, "Hii ni saratani," wakaondoka. Mimi neno saratani nilikuwa nimelisikia redioni tu, kwenye matangazo ya matiti na mlango wa kizazi. Nikamtazama mwanangu wa kiume, nikawaza ugonjwa wa akina mama umemfikaje. Sikuuliza. Daktari anayetembea unamuulizaje?

Kesho yake akaja mwingine, mama wa makamo. Akavuta kigoda akakaa chini yangu, mimi nikiwa kitandani na Doto. Hakuanza na majibu. Aliniuliza, "Nyumbani wanasemaje kuhusu taya hili?" Nikamwambia ukweli: mama mkwe anasema nimeacha mila za mapacha, ndiyo maana mmoja anachukuliwa. Hakucheka wala hakunikemea. Akasema ameelewa kwa nini nina hofu. Ndipo akasema: "Mama Doto, majibu yametoka na si mazuri. Ni saratani. Wengine wanaita kansa, ni kitu kilekile. Hii ni ya watoto, si ile unayoisikia redioni. Inatibika." Akanyamaza. Nililia mpaka upindo wa kanga ukalowa, naye amekaa tu, hakutazama saa.

Nilipotulia akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba ugonjwa huu uliandikwa na daktari anayeitwa Burkitt, pale Mulago, Kampala, mwaka 1958, kutoka kwa watoto wa huku huku kwetu kwenye malaria nyingi, wenye mataya kama la Doto. Lilinituliza kweli. Kumbe kuna watoto waliotangulia, wa makabila mengine, wasio mapacha. Kumbe haikuanzia nyumbani kwangu.

Halafu akasema maneno ambayo naamini ndiyo yaliyomponya mwanangu: "Dawa ikiingia, uvimbe huu utayeyuka haraka sana, pengine ndani ya wiki. Siku hiyo utataka kurudi nyumbani, na baba yake atasema mtoto amepona. Msiondoke. Uliobaki ndani hauonekani kwa macho, na ukiachwa unarudi." Akaniambia nimrudishie kwa maneno yangu. Nikakosea, akarudia. Kisha akampigia mume wangu, akaweka simu sauti ya juu, akamwambia yaleyale huku nasikia.

Siku ya sita taya lilikuwa karibu sawa na la pili. Na kweli, mume akapiga: mpunga unaliwa na ndege, mtoto kapona, rudini. Nikamwambia, "Daktari alisema utasema hivyo." Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Jioni akatuma elfu ishirini.

Sitasema ilikuwa rahisi. Sindano ya uti wa mgongo tulimshika watu watatu, na baadaye nikatoka nje kutapika. Mdomo ulijaa vidonda, akawa anamwaga mate siku nzima, uji anaukataa. Usiku mmoja mtoto wa kitanda cha jirani alifariki. Asubuhi akina mama wawili walikuwa wameshafunga mizigo. Yule daktari akaja, akakaa katikati yetu akasema, "Najua mmeona. Ulizeni." Tuliuliza kama saa nzima. Mizigo ikafunguliwa.

Doto sasa ana miaka kumi, yuko darasa la nne na Kulwa. Kwa hiyo daktari, usiogope kuwafuata. Huyo mama hakukukimbia wewe. Alikimbia maneno aliyoyasikia, na maneno hayo hayakuwa yako. Nenda.

Nesi_Kanda alijibu:

Mama Doto umenitoa machozi. Mleta mada, mimi ni nesi, miaka 11 sasa niko wodi ya watoto wenye saratani. Nianze na swali lako la mwisho: nenda, na nenda wiki hii. Uvimbe wa figo hausubiri, na kitu kinachonitisha zaidi ni mganga kulikanda lile tumbo. Ukikandamizwa unaweza kupasuka, ukasambaa tumboni. Hata wewe ukishaupima mara moja usiwaruhusu wengine kila mmoja aje aubonyeze ajifunze.

Kuhusu neno: litamke. Kama kipimo bado, sema hivyohivyo, kwamba tunahofia ni saratani na kipimo cha kuthibitisha kitafanyika Mwanza. Ukimficha, atalisoma kwenye kibao cha mlango wa wodi, au atalisikia kwa mama wa kitanda cha pili akiwa peke yake, kilomita mia tatu na zaidi kutoka kwao. Hao ndio wanaofika kwetu wakiwa wamekasirika, na wana haki.

Kuna utaratibu wa hatua sita ambao madaktari wa Amerika Kaskazini waliuchapisha mwaka 2000, unaitwa SPIKES, bila shaka ulifundishwa. Tafuta mahali pa faragha, uliza anajua nini, uliza anataka kujua kiasi gani, sema, pokea majonzi yake, pangeni kinachofuata. Ni mzuri na ninautumia. Ila umetungwa kwa mtu anayejiamulia mwenyewe. Huku kwetu aliye mbele yako mara nyingi haamui. Anayeamua ni baba, au babu, au bibi mzaa baba, na hayupo. Mama anabeba ujumbe wako kichwani, anapanda nao bodaboda, na akifika anaulizwa maswali ambayo hukumjibu. Kwa hiyo nimejifunza kuuliza mapema: "Ukifika nyumbani, nani atakuuliza?" Huyo ndiye ninayempigia. Na mbele yake, kwa sauti, nasema kwamba mama huyu hakusababisha, si alichokula akiwa na mimba, si laana, na haiambukizi, watoto wale sahani moja. Nimeona wanawake wakirudishwa kwao kwa sababu hakuna mtu aliyetamka sentensi hiyo moja mbele ya wakwe.

Mkalimani ni dawa, mchague kama unavyochagua dawa. Kaa naye dakika tano kabla hamjaingia, mkubaliane saratani mtaiitaje na "inatibika" mtaisemaje. Kisha umwombe mama arudishe kwa lugha yake.

Unaposema inatibika hudanganyi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya 100 wanapona. Kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau 60 kati ya 100 duniani kote ifikapo 2030, na Wilms ni moja ya saratani sita zilizowekwa mbele kwa sababu tunajua njia ya kuitibu. Pengo hilo lina wasiotambuliwa, lina waliochelewa, na lina wengi walioondoka njiani kama huyu wako. Ukimrudisha mmoja, umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Figo. Hapo ongea polepole. Watu wamesikia habari za viungo kuuzwa, na wewe umetamka kutoa figo kwa mtoto bila maelezo. Chora. Hata na kijiti mchangani. Figo mbili, moja ina ugonjwa, moja nzima, na mtu anaishi maisha yake yote na moja. Waambie pia, kama daktari wa Mama Doto alivyofanya, kwamba kwa dawa za mwanzo tumbo litapungua kabla ya operesheni, na kwamba kupungua huko si kupona.

Nilipata babu mmoja aliyegoma kabisa dawa za hospitali, yeye ni wa mizizi. Nikamwonyesha ua lile dogo, jeupe au la waridi, linaloota uani kwa watu wengi, asili yake Madagaska. Nikamwambia vinkristini, moja ya dawa atakayopewa mjukuu wake, asili yake ni mmea huo. Viwandani wanaisafisha na kuipima kwa uzito wa mtoto, maana ukiutafuna tu nyumbani ni sumu. Alilishika lile ua, akaniuliza maswali kama mtaalamu kwa mtaalamu. Mtoto alimaliza matibabu yote.

Yanayotusumbua baada ya hapo ni mengi, na karibu yote yanazidi kuwa mabaya yasipotangulizwa kusemwa. Nywele kutoka. Mkojo kuwa mwekundu kwa sababu dawa moja ya saratani yenyewe ni nyekundu, mama akidhani ni damu. Homa: ikifika 38 mtoto akiwa kwenye dawa, hata saa nane usiku, ni hospitali, panadol haitoshi, kwa sababu chembe nyeupe zimeshuka na mwili hauna askari. Kuna siku damu haipo benki na inabidi ndugu waje kuchangia. Kuna siku dawa fulani imekwisha, na hapo nawaomba madaktari wangu wote: mwambieni mzazi imekwisha, na mnatafuta wapi, na lini mtamjibu. Mzazi anayeambiwa "njoo kesho" mara nne, ya tano haji.

Na mtoto naye aambiwe. Huyu wako ni mdogo, atataka tu kujua kama inauma na kama mama atabaki. Wakubwa wanajua kabla yetu. Kijana wa miaka tisa aliniuliza, "Sista, nitakufa?" Mama yake alikuwa nje anafua. Nilikaa kitandani nikamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna, ila kila mtu akimtazama anageuza uso. Tukaongea mpaka mama akarudi na ndoo, na tukamkaribisha kwenye mazungumzo.

Baba_Tanga alijibu:

Nimesoma yote, nami niseme kidogo upande ambao hauna mwisho mzuri.

Binti yangu alikuwa na jicho lenye weupe ndani, linang'aa usiku kama la paka. Tuliambiwa mara mbili tusubiri, atakua litaondoka. Tulipofika kwa wanaojua, jicho likatolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kichwani. Alikuwa na miaka mitatu.

Daktari alituita mimi na mke wangu, mlango akaufunga mwenyewe. Akasema, "Dawa ya kuponya sina tena. Dawa ya kuondoa maumivu ninayo, na nitakuwa nanyi." Alitupa mofini ya maji, akatufundisha kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, saa ngapi na saa ngapi. Hakuniambia "tumwachie Mungu" halafu akaondoka. Mungu tulimwomba sisi wenyewe, usiku na mchana. Kutoka kwake nilitaka ukweli, akanipa. Kwa sababu hiyo tulimrudisha nyumbani kwa bibi yake akiwa bado anaweza kucheka, akala maembe, akalala bila kulia. Tulikuwa naye wiki tano.

Nakuomba daktari, hata siku ambayo huna la kuponya, usiache kuja kitandani.

Dkt_Wilayani aliandika:

Wakuu, nimerudi. Baba wa Tanga, pole sana. Nimesoma maneno yako mara nyingi.

Nilienda Jumamosi. Nilimchukua nesi wetu mmoja ambaye Kinyamwezi ni lugha ya mama yake, tukampata mhudumu wa afya wa kijiji, bodaboda mbili, saa moja na nusu. Njiani tulikubaliana maneno: tungesema "saratani", tungesema "unatibika", na neno "haponi" lisitoke kinywani mwa mtu.

Walitupa viti chini ya mwembe. Babu, bibi, baba, na mama nyuma kabisa karibu na jiko. Niliomba mama aje akae karibu. Nikauliza kwanza, nyumbani mnasemaje. Babu akaongea kama robo saa: bandama, kisha jirani waliyegombana naye kwa mpaka wa shamba la tumbaku. Sikumkatiza. Nesi akatafsiri yote. Ndipo nikasema, nikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kusema. Bibi alilia. Mama hakulia, alinitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Nilichora figo mchangani. Nikasema mbele yao wote kwamba mama hana kosa, aliyeugundua uvimbe ni yeye, na kwamba kuugundua kwake ndiko kunakompa mtoto nafasi. Nesi alipomaliza kutafsiri hilo, mama alishika mkono wa mtoto akainama. Nikawaomba wasimkande tumbo tena. Babu alikuwa na swali moja tu: "Akibaki na figo moja, ataweza kulima?" Nikamjibu ataweza kulima, kuolewa na kuzaa. Akamwambia mwanawe auze mbuzi.

Wamepanda basi leo Jumatatu alfajiri, kupitia Nzega na Shinyanga. Mtoto kabebwa na baba yake. Fomu mpya ya rufaa iko mfukoni mwake, na nyuma nimeandika namba yangu. Mama hasomi, ila aliomba nimwandikie kwenye kikaratasi neno lenyewe la ugonjwa, akakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Kinachonitia hofu sasa ni kwamba hawana mtu yeyote Mwanza, na mama hajawahi kufika mjini.

MamaDoto alijibu:

Jumatano nampeleka Doto kliniki. Nitumie kwa ujumbe wa faragha jina la baba na kanga ya mama ni ya rangi gani. Nitamtafuta wodini mwenyewe, na Doto atamwonyesha taya lake.